Wiki ya Kusafisha Miti

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Nimeitundika sebuleni, inawahi dakika chache kila siku, na mke wangu ameshazoea kuirekebisha kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Mkuu aliposema kwenye hotuba yake kwamba saa ile ni ishara ya mtumishi aliyejua thamani ya wakati, niliinamia soda yangu nikajifanya imenipalia. Wanaonifahamu walielewa. Mtu aliyewahi kukata miti kumi ya mwanamke mmoja katika mwezi ambao hata mbuzi wake walijua si wa kukata, huyo ndiye mliyempa saa.

Mliniomba pia niandike kumbukumbu za kazi, ziwafae ninyi mnaobaki. Nilikusudia kuandika kwa adabu. Nilishaanza hata kupanga sura: udongo, miche, wadudu, shukrani. Kisha wiki ileile nikapita ofisini kurudisha ufunguo wa kabati niliousahau mfukoni, nikasimama mbele ya ubao wa matangazo, na adabu yote ikaniishia. Palikuwa na barua mpya, muhuri wake haujakauka vizuri: "Wiki ya Kusafisha Miti ya Matunda." Vijiji vyote, miti ya aina zote, wiki ya tatu ya Septemba, nusu ya matawi iondolewe, kila afisa alete fomu na picha. Katika aya ya pili mwandishi alikuwa ameandika "kupongoa" badala ya kupogoa.

Kosa hilo nalijua. Ni langu. Barua ile niliichapa mimi, miaka mingi iliyopita, kwa vidole viwili. Mtu ameitoa kwenye kompyuta, amebadilisha mwaka, amepiga muhuri. Hakuna aliyeisoma hata kiasi cha kuiona ile "n".

Kwa hiyo haya si yale niliyokusudia kuandika. Someni hivyohivyo.

Nilianzia Gendabi, Hanang. Nilishuka kwenye lori la mahindi nikiwa na shahada, sanduku la vitabu na viatu vyeupe. Habari za viatu tuziache. Katika mkutano wangu wa kwanza niliwaeleza watu jinsi ncha ya tawi inavyoyazuia macho ya chini yasichipue, nikataja homoni, nikachora mishale ubaoni. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, wote wakinisikiliza kwa upole ule ambao mtu humpa mgonjwa. Nilipouliza kama kuna swali, mfugaji mmoja mrefu aliyejifunga shuka akainua fimbo.

"Bwana Shamba, hayo matawi mkishayakata, ni ya nani?"

"Ni ya mwenye mti."

"Basi mimi somo nimelielewa. Mbuzi wangu watasubiri nje ya ua wake."

Walicheka wote, nami nikacheka kidogo kwa ajili ya heshima ya chuo kikuu. Lakini lile ndilo lilikuwa swali pekee la maana siku ile, na nilichukua miaka kulielewa. Katika nchi hii tawi likikatwa halilali chini. Ni chakula cha mbuzi, ni ua wa zizi, ni kuni. Ukimwambia mtu akate kidogo, kila kitu nyumbani kwake kinamwambia akate zaidi. Ndiyo maana neno unalotumia kumwambia lina uzito kuliko msumeno. Lishikeni hilo, nitalirudia nikiwa nimekasirika zaidi.

Mti wangu wa kwanza ulikuwa mchungwa wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mti mmoja mbele ya nyumba yake, alioutunza kama mtoto wa mwisho. Aliniita niupogoe. Niliuzunguka mara tatu nimefumba jicho moja. Niliona chipukizi moja limetoka chini kabisa, limenyooka, kijani kibichi, lenye nguvu za ajabu, na juu yake matawi mengine yamechoka, yana magamba. Nikafanya uamuzi wa kisayansi. Nikaondoa yaliyochoka, nikaacha lenye nguvu.

Mliosoma mmeshashika kichwa. Mchungwa wa kubebesha una sehemu mbili: chini ni shina la limau la porini, juu ni chungwa. Chipukizi linalotoka chini ya kovu la kubebeshea ni limau, na lina nguvu kwa sababu linamnyonya mwenzake. Nilikuwa nimekata chungwa lote, nikaacha limau litawale. Katika mtihani wa jambo hilohilo nilikuwa nimepata alama A.

Mwalimu hakunigombeza. Mti ulipozaa alinitumia kikapu kimejaa malimau makali yenye ngozi kama ya mamba, na kikaratasi: "Matunda ya elimu." Alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipohama. Chungu cha mke wangu hakikukosa limau.

Baada ya hapo nilihamishiwa Mbulu, na huko nilikutana na mtu aliyenifundisha kazi. Mzee Akonaay alikuwa mtunza bustani katika shamba la zamani la misheni, mfupi, mkavu, anavaa kofia moja ya pama ambayo sijawahi kumwona bila hiyo. Hakuwa na cheti chochote. Nilikwenda kumkagua. Nilimkuta juu ya ngazi ndani ya mfyulisi, mti wa pichi, usio na jani hata moja, mwezi wa Julai, baridi inauma masikio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa malimau?"

Kutoka Gendabi mpaka Mbulu ni mbali, lakini habari zangu zilikuwa zimewahi gari.

Aliniambia nishike ngazi. Niliishika miaka minne, nikitoroka ofisini kila nilipoweza, na hayo ndiyo masomo yangu ya juu. Mfyulisi unakatwa Julai mpaka mwanzo wa Agosti, ukiwa umelala, kabla macho hayajavimba. Unazaa kwenye fimbo za mwaka jana tu, zile nyembamba zenye wekundu. Ukiziondoa zote umeondoa matunda yote, ukiziacha zote utapata matunda madogo kama gololi. Katikati ya mti paachwe wazi, kama bakuli. Kila alipomaliza mti, Mzee Akonaay alishuka, akavua ile kofia yake, akaitupa ndani ya mti kutoka upande mmoja. Ikitokea upande wa pili, kazi imekwisha. Ikinasa, anapanda tena. Hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee kofia ile kuondoka kichwani kwake.

Tufaa, wanaloliita epo sokoni, ni kinyume. Halizai kwenye fimbo mpya bali kwenye vijiti vifupi vilivyokunjamana, vya miaka miwili na zaidi, ambavyo mtu mgeni huviona uchafu. "Hivyo ndivyo vidole vyake," alisema. "Ukivikata atakushikia nini?"

Alinionyesha pia pete. Tazameni tawi lolote pale linapotoka shinani: pana uvimbe mdogo, kama mkunjo wa ngozi kwenye kifundo cha mkono. Ukikata nje kidogo ya pete hiyo, kidonda kitajifunga chenyewe. Ukiikata pete, mti unaoza kuelekea ndani. Ukiacha kisiki kirefu kama kigingi cha kutundikia koti, kitakauka na wadudu wataingia. Na tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, kidogo, mbali na shina; kisha kwa juu mpaka lianguke; ndipo uje kukata kile kipande kilichobaki karibu na pete. Nilipokata mara moja tu kwa juu, tawi lilianguka na kuchuna ganda la shina mpaka chini. Mzee alitazama, akanipa kisu nisafishe kingo za kidonda, akasema, "Endelea. Mwombe na msamaha, hakuna anayesikia."

Msumeno wangu wa kwanza niliununua Katesh. Mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu aliyejua bidhaa zake kuliko mimi nilivyojua shahada yangu, aliniambia, "Huu ni wa seremala, mwanangu. Mbao zimekauka, mti una maji, utakukwamia." Nikamwambia najua ninachofanya. Ulikwama siku ileile. Nunueni wa kupogolea, wenye meno yanayokata ukivuta. Futeni kwa spiriti kila mnapohama mti. Panga liacheni nyumbani.

Na parachichi. Hapo Mzee Akonaay alikuwa mkali kuliko kote. "Parachichi havui koti," alisema. Mti huo haulali kama mfyulisi. Unaguswa baada ya kuvuna, kidogo tu: tawi lililokauka, tawi linalosugua jingine, ncha iliyokimbilia juu sana. Majani yake ni mwavuli wake. "Ngozi yake ni kama ya padre mgeni. Jua la siku moja, amebabuka." Ikibidi kufungua tawi juani, lipake chokaa iliyokorogwa kwa maji. Na Septemba? Septemba mti una maua, jua linachoma, mvua bado ziko mbali. Septemba alikuwa anautembelea mikono ikiwa nyuma.

Alifariki kabla sijamwaibisha. Hilo namshukuru Mungu.

Sasa barua. Ilisemekana mgeni mkubwa atapita kwenye vijiji vyetu mwishoni mwa Septemba, na mkuu wangu wa wakati huo akataka mashamba ya matunda "yaonekane". Aliniita nimwandikie barua. Nilimweleza kwamba mifyulisi wakati huo ina vitunda, mitufaa inachanua, miparachichi iko kwenye maua, hakuna hata mmoja unaostahili kuguswa. Alinisikiliza, nakiri. Kisha akasema, "Mgeni haji Julai." Nikakaa nikachapa.

Niliandika kupogoa, nikakosea nikaandika kupongoa. Alisoma akasema neno lenyewe wananchi hawalijui, weka linaloeleweka. Nikaweka kusafisha kwenye kichwa cha habari, na ile kupongoa ikabaki chini, bila mtu kuijali.

Kusafisha! Nilikuwa na miaka mingi kazini nami nikaandika kusafisha. Mkulima wa Mbulu ukimwambia asafishe shamba anajua maana yake: asibakize kitu. Shamba safi ni udongo mtupu. Kumwambia mtu asafishe mti ni kumwambia aufanye nguzo ya umeme. Na mbuzi wako nje ya ua wanasubiri, kama nilivyoambiwa siku yangu ya kwanza. Watu hawakukosea. Walitii neno langu vizuri kabisa. Baadaye kwenye taarifa tuliandika kwamba "uelewa wa wananchi ni mdogo". Sentensi hiyo nayo niliichapa mimi.

Katika kijiji cha Nambis, hukohuko Mbulu, lilihitajika shamba la mfano, na mkuu alichagua la Mama Basilisa kwa sababu liko karibu na barabara. Mama Basilisa alikuwa mjane, amenizidi miaka kama kumi na tano, mwenye miparachichi kumi na moja kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Miti hiyo tuliibebesha pamoja, mimi na yeye, kikonyo kimoja kimoja, nikimshikia utepe wa kufungia. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye kuzaa sawasawa. Kwa ajili ya miti ile alikuwa amekataa kwenda kuishi kwa wanawe mjini. Aliwaambia kazi yake iko huku. Siku nilipofika na msumeno, ngazi na mpiga picha wa ofisi, yote kumi na moja ilikuwa imejaa maua, na nyuki walikuwa wakivuma kama mashine ya kusaga.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akatazama msumeno.

"Umekuja kukata nini, Bwana Shamba?"

"Tunasafisha miti, mama. Ni agizo."

"Inachanua."

"Naiona, mama."

"Si wewe uliniambia baada ya kuvuna? Ulisimama hapohapo ulipo. Ulisema parachichi havui koti."

"Utaalamu unabadilika, mama."

Ndivyo nilivyosema. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio ambao bado unaniamsha. Utaalamu ulikuwa haujabadilika. Kilichobadilika ni tarehe ya safari ya mtu mmoja.

Mama Basilisa aliigeukia miti yake. Kisha akaniuliza, "Utakata wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Afadhali," akasema. "Wengine wangetumia panga." Hata katika hilo alinistahi.

Nilikata kumi. Nilikata vizuri sana: nje ya pete, mara tatu kwa kila tawi zito, msumeno umefutwa kwa spiriti. Chokaa sikupaka kwa sababu mkuu alisema miti iliyopakwa itaonekana kama ina ugonjwa. Maua yalianguka mpaka yakafunika viatu vyangu. Nyuki walizunguka pale matawi yalipokuwa, wakirudi na kurudi. Mpiga picha alisema mwanga ni mzuri.

Nilipofika kwenye mti wa kumi na moja, ule wa pembeni kabisa, mkubwa kuliko yote, Mama Basilisa alikuwa amesimama mbele yake. Chini palikuwa na mawe yamepangwa.

"Huu uache. Baba Basilisa amelala hapa."

Nikashusha msumeno. Nikavua kofia. Mpiga picha naye akavua. Tulisimama kimya, tumeinamisha vichwa, na nakumbuka nikijisikia mtu mwema, mwenye kuheshimu mila na majonzi ya watu. Nikaandika kwenye fomu, sehemu ya "miti isiyosafishwa na sababu": kaburi.

Mgeni hakuja. Alipita barabara nyingine.

Jua la Oktoba likachoma magome yaliyokuwa uchi. Yalipasuka, yakawa meusi upande wa magharibi, wadudu wakaingia. Mvua zilipofika, miti minne ilikuwa imekufa. Sita ikatoa maotea marefu ya hasira, fimbo zisizo na ua, msimu wa kwanza na wa pili, kisha nayo ikakauka mmoja mmoja mpaka ikaisha. Nilipita kila mwezi na dawa. Mama Basilisa alinikaribisha kila mara, akanipa uji, akaniuliza habari za mke wangu. Kuhusu miti hakuniambia neno. Ningefurahi angenitukana, ningepata la kujitetea.

Mwaka wa tatu alinialika kwenye misa ya kumwombea marehemu mumewe. Baada ya misa padre alituongoza kwenda kubariki kaburi. Nikageuka kuelekea kwenye mteremko. Watu wote wakageuka upande mwingine. Kaburi la Baba Basilisa lilikuwa uani, mbele ya nyumba, lina msalaba wa saruji wenye jina lake. Nilikuwa nimelipita mara mia, bila kusoma jina, nikidhani ni la baba mkwe wake.

Nilisubiri watu waanze kula, nikamfuata jikoni.

"Mama, kule kwenye mti amelala nani?"

"Hakuna mtu kule."

"Ulinidanganya."

Alikuwa anapakua makande. Hakuinua uso. "Nilikwambia inachanua, ukanipa somo. Nilikukumbusha maneno yako mwenyewe, ukanipa somo lingine. Nikakwambia kaburi, ukavua kofia." Akanipa sahani. "Kula, Bwana Shamba. Yatapoa."

Tangu siku hiyo nimesoma vitabu vingi kuhusu namna ya kufanya kazi na wakulima, na semina nimehudhuria mpaka kalamu za bure zimejaa droo. Hakuna mahali walipoandika hilo: mtu anayeujua mti wake kuliko mimi hakuwa na neno lolote la kunizuia isipokuwa maiti.

Kutoka kwenye mti ule wa pembeni alikata vikonyo mwenyewe, akabebesha miche kumi, akaipanda palepale ilipokufa ile kumi. Hakuniita kushika utepe. Miche ile sasa ni miti mikubwa. Mwaka huu, Septemba hii, yote kumi na moja inachanua pamoja.

Ndiyo maana nilipoisoma ile barua ubaoni sikurudi nyumbani. Niliingia ndani. Aliyenipokea ni Neema, afisa mpya wa Nambis, binti mwerevu, mwenye shahada safi kama ya kwangu enzi hizo na viatu, namshukuru Mungu, vyeusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii barua umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Unaijua Septemba?"

Akatazama mlango wa mkuu, akapunguza sauti. "Naijua, mzee. Nilisema. Nikaambiwa barua hii imewahi kutumika miaka ya nyuma na haikuleta shida."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Haikuleta shida. Kwa sababu niliandika uelewa wa wananchi ni mdogo, na faili likafungwa. Ndugu zangu, mkiandika taarifa ya uongo msidhani inakufa kabatini. Inalala tu, kama mfyulisi, inangoja kuchipua.

Nikagonga mlango wa mkuu. Nikamwambia barua ile niliiandika mimi, ilikuwa mbaya siku ile na ni mbaya leo, na iliua miti ya watu. Ni kijana mstaarabu. Alinisikiliza kama yule wa kwanza alivyonisikiliza. Akasema, "Mzee, pumzika sasa. Saa inafanya kazi vizuri?" Nikatoka kabla sijasema maneno ambayo mke wangu hapendi.

Jumanne ya wiki hiyo ya kusafisha nilipanda Nambis pamoja na Neema, nyuma ya pikipiki yake, nimekumbatia ngazi. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Nilikusudia kusimama mbele ya miti, mtu mzima na kofia yangu, na kama ni kukata wakate nikiwepo. Tulipopinda kwenye nyumba ya Mama Basilisa, Neema alizima pikipiki, akabaki ameshika breki.

Chini ya kila mti palikuwa na mawe yamepangwa. Kumi na moja. Kila rundo na msalaba wa vijiti umefungwa kwa utepe wa kubebeshea. Juu, maua. Nyuki walikuwa wakivuma vilevile.

Mama Basilisa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mzee sasa, fimbo mapajani. Tukamwamkia. Akaitikia mmoja mmoja, bila haraka.

"Pole sana, mama," Neema akasema, sauti inataka kucheka na inaogopa. "Msiba ni mkubwa. Wote hawa ni wa familia?"

"Ndugu wa mume wangu. Walikuwa wengi." Akanitazama mimi. "Muulize huyu. Aliwafahamu."

Neema akatoa fomu na kalamu. Aliisoma juu mpaka chini, akaisoma tena.

"Mzee," akaniambia polepole, "nataka niandike hairuhusiwi kukatwa kwa sababu inachanua. Hakuna sehemu. Kuna njia ya umeme, kuna mpaka wenye mgogoro, kuna kaburi. Kuchanua hakuna."

Fomu ile pia niliipanga mimi, kwa rula.

Mlinisomesha, mkaniajiri, mkaniaga kwa saa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuacha mti kwa sababu mwenye mti ameniambia si wakati wake. Nilivua kofia. Nilitembea kutoka mti wa kwanza mpaka wa kumi na moja, nikasimama kidogo kwenye kila mmoja, Neema akinifuata na kalamu yake.

"Andika kaburi," nikamwambia. "Hawa wote nawafahamu. Kumi wa kwanza niliwaua mimi."